Nahodha Charlie Barr

1. Mashindano ya matanga

Watu wa pwani wanajua mashindano ya ngalawa. Siku ya sikukuu ngalawa hupangwa majini, matanga hutwekwa, na watu hujaa ufukweni kutazama. Kila kijiji kina nahodha wake ambaye watu humtegemea.

Mtu wa bara ambaye hajaiona bahari anaweza kufikiri kwamba ngalawa yenye tanga kubwa ndiyo hushinda. Wazee wa pwani wanajua kuwa sivyo. Tanga ni nguo tu, na mlingoti ni mti tu. Anayeshinda ni nahodha anayeujua upepo.

Habari hii ni ya nahodha mmoja wa nchi ya mbali. Jina lake ni Charlie Barr. Hakuwa tajiri, na hakumiliki hata moja ya majahazi makubwa yaliyompa sifa. Alikuwa mfanyakazi wa mshahara. Lakini watu wanaopenda mashindano ya majahazi bado wanalitaja jina lake, ingawa alifariki mwaka 1911. Tusome tuone jinsi alivyofika hapo.

2. Kijana wa dukani

Charlie Barr alizaliwa tarehe 11 Julai 1864 katika mji wa Gourock. Mji huo uko Scotland, sehemu ya kaskazini ya Uingereza. Uko mahali ambapo mto Clyde unaingia baharini. Watu wengi wa huko walikuwa wavuvi, mabaharia na mafundi wa kuunda meli.

Alipokuwa kijana alipelekwa kujifunza kazi ya duka la vyakula. Kazi hiyo ilikuwa na heshima, na mtu alikuwa mkavu, mbali na mawimbi. Lakini Charlie hakuipenda. Aliacha duka akaenda kuvua samaki.

Uvuvi ulikuwa shule yake. Mvuvi anayetumia tanga hujifunza mambo ambayo hayaandikwi ubaoni. Hujifunza kuyatazama maji na kujua upepo unatoka wapi kabla haujamfikia. Hujifunza wakati wa kuongeza tanga na wakati wa kulipunguza. Akikosea anarudi bila samaki, au harudi kabisa.

Kaka yake John alikuwa nahodha wa majahazi ya mashindano. Miaka ile matajiri wa Uingereza na Marekani walipenda sana mchezo huu. Tajiri alilipa fedha, fundi aliunda jahazi, na nahodha aliliongoza. Katika miaka ya 1880 Charlie na kaka yake walipata kazi ya kupeleka jahazi moja Marekani. Jahazi hilo liliitwa Clara. Walivuka bahari ya Atlantiki kwa matanga, wakafika salama. Ndivyo Charlie alivyoiona Marekani kwa mara ya kwanza.

3. Kushinda na kushindwa

Mwaka 1888 Charlie alikabidhiwa jahazi dogo lililoitwa Minerva. Liliundwa Scotland na fundi William Fife. Charlie alilivusha Atlantiki hadi Marekani. Mwaka uliofuata, 1889, Minerva ilianza kuyashinda majahazi ya Marekani ya ukubwa wake. Wenyeji walishangaa. Walikuwa na majahazi mapya na fedha nyingi, lakini walishindwa na jahazi dogo la mgeni.

Watu wakaanza kuuliza habari za nahodha huyo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye masharubu meusi, asiyesema maneno mengi. Akishika usukani, macho yake hayakuacha matanga na maji. Matajiri wa Marekani wakaanza kumwajiri. Yeye naye alihamia huko, akachukua uraia wa Marekani.

Si kwamba alishinda siku zote. Mwaka 1893 alipeleka jahazi la Kimarekani liitwalo Navahoe kushindana Uingereza. Navahoe ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Charlie hakukata tamaa. Aliendelea na kazi, akajifunza kila jahazi alilopewa. Kila jahazi lina tabia yake. Moja hupenda upepo mkali, jingine hupenda upepo mdogo. Nahodha mwema hulijua jahazi lake kama mkulima anavyomjua ng'ombe wake wa kulimia.

4. Kombe la America

Katika mchezo wa majahazi kuna kombe moja lenye sifa kuliko yote. Linaitwa kombe la America, kwa jina la jahazi lililolipata kwanza. Mwaka 1851 jahazi la Kimarekani lililoitwa America lilikwenda Uingereza, likayashinda majahazi ya huko. Kombe likapelekwa New York. Tangu hapo Waingereza walijaribu mara kwa mara kulirudisha, wakashindwa.

Hata kaka yake Charlie alijaribu. Mwaka 1887 John Barr aliongoza jahazi la Scotland liitwalo Thistle kwenda kulitafuta kombe. Alishindwa na jahazi la Marekani.

Mwaka 1899 alitokea mshindani mpya. Jina lake lilikuwa Thomas Lipton. Msomaji labda umewahi kuliona jina hilo dukani, kwenye pakiti za majani ya chai. Ni yeye huyo. Lipton alizaliwa Glasgow, kwenye mto Clyde, si mbali na Gourock. Mwaka 1871 alifungua duka dogo la vyakula. Maduka yake yakaongezeka, akanunua mashamba ya chai katika kisiwa ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, akawa tajiri mkubwa. Sasa alitaka kombe. Akaundiwa jahazi, akaliita Shamrock.

Wamarekani nao wakaunda jahazi lao, Columbia. Mmoja wa wenye jahazi hilo alikuwa J. Pierpont Morgan, tajiri wa benki. Fundi wake alikuwa Nathanael Herreshoff wa mji wa Bristol, fundi hodari kuliko wote wa Marekani wakati huo. Nahodha aliyechaguliwa alikuwa Charlie Barr.

Baadhi ya Wamarekani walinung'unika. Walisema kombe la nchi yao haliwezi kuachwa mikononi mwa mtu aliyezaliwa Scotland. Mabaharia wa Columbia walikuwa wavuvi wa Kimarekani kutoka kisiwa cha Deer Isle, basi kwa nini nahodha awe mgeni? Charlie alikuwa raia kama wao, lakini alijua jambo moja. Kama angeshindwa, watu wasingesema kwamba upepo ulikuwa mbaya. Wangesema kwamba ameuza kombe kwa ndugu zake.

5. Siku za kungoja upepo

Mashindano yalifanyika nje ya bandari ya New York, mwezi wa Oktoba 1899. Jahazi litakaloshinda mara tatu ndilo lingepata kombe. Kila shindano lilikuwa la maili 30 za baharini, yaani karibu kilomita 55. Lilipaswa kumalizika katika muda wa saa tano na nusu. Muda ukipita, halihesabiwi.

Watu walijaa katika meli kutazama. Lakini upepo ulikuwa mdogo, na siku nyingine ukungu ulifunika bahari. Majahazi yalianza, muda ukapita, yakarudi bandarini bila mshindi. Karibu wiki mbili zilipita hivyo. Ndipo tarehe 16 Oktoba upepo ulipokuja. Columbia ilishinda kwa zaidi ya dakika 10. Kesho yake sehemu ya juu ya mlingoti wa Shamrock ilivunjika, na Columbia ikamaliza peke yake. Tarehe 20 Oktoba Columbia ilishinda mara ya tatu. Kombe likabaki New York. Manung'uniko nayo yakapungua.

Katika mashindano hayo mtu aliyeitwa Guglielmo Marconi alikuwa melini na chombo chake kipya. Alipeleka habari za mashindano nchi kavu bila waya. Kazi hiyo ni miongoni mwa mwanzo wa redio tunayoisikiliza leo.

6. Sekunde mbili

Mwaka 1901 Lipton alirudi na jahazi jipya, Shamrock ya pili. Wamarekani waliunda jahazi jipya pia, likaitwa Constitution. Watu walidhani Columbia imekwisha zeeka. Lakini majahazi ya Marekani yalishindanishwa kwanza ili kuchagua moja. Charlie Barr alikuwa katika Columbia ya zamani.

Hapo ndipo ujuzi wake ulipoonekana. Jahazi haliwezi kusimama mstarini kama mkimbiaji. Kabla ya kuanza, majahazi huzungukazunguka karibu na mstari. Mzinga ukilia, yanaruhusiwa kuvuka. Jahazi likivuka mapema linarudishwa nyuma. Likichelewa limepoteza muda. Nahodha lazima apime upepo, mwendo na saa, yote kwa pamoja.

Charlie alikuwa fundi wa jambo hilo. Alizungusha jahazi kubwa kama mtu anayezungusha mtumbwi. Alilikaribia jahazi la mwenzake sana, hata watu wakaogopa. Alizijua sheria za njia, nani apishe na nani apite, akazitumia zote. Tena alijua kumfunika mwenzake. Jahazi likikaa upande upepo unakotoka, matanga yake huuzuia upepo, na jahazi lililo chini yake hulegea. Basi Charlie alijitahidi kukaa upande huo. Constitution ilikuwa mpya na ilikuwa na mbio, lakini Columbia ya zamani ndiyo iliyochaguliwa.

Mashindano yalicheleweshwa kidogo, kwa sababu Rais McKinley wa Marekani aliuawa mwezi wa Septemba. Tarehe 28 Septemba yakaanza. Shamrock ya pili ilikuwa jahazi zuri sana. Columbia ilishinda mara ya kwanza kwa dakika moja na sekunde 20 tu. Ikashinda tena mara ya pili.

Mara ya tatu, tarehe 4 Oktoba, majahazi yalikuja kwenye mstari wa mwisho karibu sambamba. Shamrock ilivuka mbele kwa sekunde mbili! Lakini katika mchezo huo majahazi yalipimwa kabla ya kushindana. Lenye vipimo vya mwendo mkubwa zaidi lilitakiwa kumpa mwenzake muda. Kwa vipimo hivyo, Shamrock ilipaswa kuipa Columbia sekunde 43. Ukitoa sekunde mbili, zinabaki 41. Columbia ikashinda kwa sekunde hizo 41. Hakuna jahazi lililokuwa limelilinda kombe mara mbili kabla yake.

7. Jahazi la matanga makubwa

Mwaka 1903 fundi Herreshoff aliunda jahazi la kutisha. Liliitwa Reliance. Kutoka ncha ya mlingoti wa maji hadi ncha ya boriti ya tanga nyuma lilikuwa na urefu wa mita 61. Kutoka majini hadi ncha ya juu ya mlingoti zilikuwa karibu mita 60. Ni kama minazi mitatu mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Matanga yake yote yalikuwa na eneo la mita za mraba 1,500. Ukiyatandaza shambani yangefunika zaidi ya theluthi moja ya eka. Mabaharia walikuwa 64.

Jahazi hilo lilikuwa na mbio, lakini lilikuwa la hatari. Upepo ukija ghafula kwenye matanga makubwa kama hayo, mlingoti unaweza kuvunjika na kuua watu. Nahodha alitakiwa awe macho kila dakika. Charlie Barr aliwapanga watu 64 hivi kwamba kila mmoja alijua kamba yake na mahali pake. Akitoa amri, watu wote walitenda kwa pamoja.

Lipton alileta Shamrock ya tatu. Reliance ilishinda mara mbili mwezi wa Agosti. Tarehe 3 Septemba ukungu mzito ulishuka. Shamrock ilipotea, haikuuona mstari wa mwisho. Reliance iliupata ukunguni, ikavuka.

Hivyo Charlie Barr alikuwa amelilinda kombe mara tatu: mwaka 1899, 1901 na 1903. Katika mara hizo tatu hakushindwa hata shindano moja. Kijana aliyeacha duka la vyakula alikuwa amemshinda mwenye maduka mara tatu. Lipton hakukasirika. Alijaribu tena mwaka 1920 na mwaka 1930, asilipate kombe. Lakini watu walimpenda kwa sababu alijua kushindwa kwa heshima.

Na Reliance? Ilitumika msimu mmoja tu. Mwaka 1913 ilivunjwa, ikawa vyuma chakavu.

8. Kuvuka Atlantiki

Mwaka 1905 Mfalme Wilhelm wa Ujerumani alitoa kombe kwa jahazi litakaloshinda kuvuka Atlantiki, kutoka New York hadi ncha ya kusini ya Uingereza. Njia hiyo ni karibu maili 3,000 za baharini, yaani kilomita 5,500 hivi. Majahazi 11 yaliingia. Charlie Barr alipewa jahazi la milingoti mitatu liitwalo Atlantic. Mwenyewe alikuwa tajiri Wilson Marshall, naye alisafiri ndani yake pamoja na wageni wake.

Waliondoka tarehe 17 Mei. Charlie alichagua njia ya kaskazini. Njia hiyo ni fupi, lakini ina baridi, ukungu na milima ya barafu inayoelea baharini. Siku moja, kutoka adhuhuri hadi adhuhuri, jahazi lilikwenda maili 341 za baharini. Hizo ni zaidi ya kilomita 630. Ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na ni kwa nguvu ya upepo tu.

Kisha dhoruba ikaja. Mawimbi yalipanda juu ya jahazi. Inasimuliwa kwamba watu walioshika usukani walifungwa kamba ili wasichukuliwe na maji. Inasimuliwa pia kwamba mwenye jahazi na wageni wake waliogopa, wakamwomba nahodha apunguze matanga. Charlie alikataa. Aliwakumbusha kwamba aliajiriwa ili ashinde, naye atafanya hivyo.

Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Uamuzi huo ulikuwa mzito. Mlingoti ungevunjika, watu wengi wangekufa, na lawama zote zingekuwa za nahodha. Lakini Charlie hakuamua kwa kiburi tu. Alikuwa ameishi na matanga tangu ujana wake. Aliujua uzito wa upepo ambao jahazi lile lingeweza kuubeba. Mtu asiye na ujuzi huo akifanya kama yeye, ataangamiza watu.

Usiku wa tarehe 29 Mei Atlantic ilifika Uingereza. Ilikuwa imetumia siku 12, saa 4, dakika moja na sekunde 19. Jahazi la pili, Hamburg la Ujerumani, lilifika saa 22 hivi baadaye. Hakuna jahazi la matanga lililokuwa limevuka kwa mashindano upesi namna hiyo. Miaka 75 ilipita bila mtu kuushinda muda huo. Mwaka 1980 Mfaransa Éric Tabarly aliushinda, kwa chombo cha namna mpya kabisa.

Kombe la Mfalme nalo lina habari yake. Watu waliamini kuwa ni la dhahabu tupu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza lilitolewa ili kusaidia kukusanya fedha za Msalaba Mwekundu. Lilipovunjwa, ilionekana kwamba dhahabu ilikuwa nje tu. Ndani lilikuwa madini ya bei rahisi.

9. Mwisho wa safari

Mwaka 1910 Charlie Barr aliongoza jahazi jipya, Westward, kwenda Ulaya. Alishinda mashindano mengi Ujerumani na Uingereza. Watu waliona kwamba ujuzi wake haujapungua.

Lakini tarehe 24 Januari 1911, mjini Southampton, Uingereza, alishikwa na ugonjwa wa moyo akiwa mezani asubuhi. Akafariki. Alikuwa na miaka 46. Alikuwa ameziponyoka dhoruba nyingi za bahari kuu, na mauti yakamkuta nchi kavu, akinywa chai yake.

Kombe la America lilibaki Marekani hadi mwaka 1983, liliposhindwa na jahazi la Australia. Columbia na Reliance zimekwisha vunjwa zamani. Matajiri waliozilipia, wengi wao wamesahauliwa. Mfanyakazi wao hajasahauliwa. Mwaka 1993, zaidi ya miaka 80 baada ya kifo chake, jina la Charlie Barr liliwekwa miongoni mwa majina ya kwanza ya heshima ya kombe hilo, katika mji wa Bristol ambako majahazi yake yaliundwa.

Mali huharibika. Ujuzi wa mtu, akiutumia vizuri, humwachia jina.

Maana ya maneno

Kutweka tanga: kupandisha tanga juu ya mlingoti.
Mlingoti wa maji: mti mrefu unaotokeza mbele ya jahazi.
Maili ya baharini: kipimo cha urefu baharini, karibu kilomita moja na mita 850.
Dhoruba: upepo mkali sana wenye mawimbi makubwa.
Kulilinda kombe: kushindana ili kombe lisichukuliwe na wengine.

Maswali

1. Charlie Barr aliacha kazi gani ili awe mvuvi?
2. Kwa nini baadhi ya Wamarekani walinung'unika mwaka 1899?
3. Mwaka 1901 Shamrock ya pili ilivuka mstari mbele. Kwa nini haikushinda? Fanya hesabu yake.
4. Atlantic ilivuka bahari kwa muda gani?

Ya kuzungumza darasani

1. Wageni katika jahazi waliomba matanga yapunguzwe, nahodha akakataa. Je, alifanya vema? Dereva wa basi akikataa ombi kama hilo la abiria, ni sawa na Charlie Barr? Eleza tofauti.
2. Katika kijiji chenu kuna watu wenye ujuzi ambao hawakuusomea shuleni. Wataje. Vijana wanajifunza nini kutoka kwao?